Ujumbe wa Makosa na Lugha ya Mwanafunzi: Historia Fupi ya Tafsiri katika Kompyuta

Mwaka 1978, katika mkutano wa historia ya lugha za programu uliofanyika Los Angeles, Grace Hopper alisimulia kisa cha miaka ya 1950. Alipokuwa akifanya kazi Remington Rand, yeye na wenzake waliandaa programu iliyotumia maneno ya Kiingereza. Ili kubainisha kwamba kompyuta haibagui lugha, waliiandika pia kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakuu wa kampuni walishtuka, wakaona ni muhali mashine ya Kimarekani kufahamu lugha za kigeni. Hatimaye Hopper na wenzake wakaahidi kutumia Kiingereza pekee. Ni bayana, basi, kwamba ukuu wa Kiingereza katika kompyuta ulitokana na uamuzi wa watu, wala si maumbile ya mashine.

Majaribio ya kuugeuza uamuzi huo yalianza na amri zenyewe. Katika Excel 5 ya mwaka 1993, Microsoft ilitafsiri hata maneno ya lugha ya programu iliyomo ndani yake, ikiwamo kwa Kijerumani na Kifaransa. Mpango huo uliachwa katika Excel 97, kwa kuwa ulitatiza ushirikiano wa waandishi wa programu wa nchi mbalimbali.

Hata hivyo, amri na ujumbe wa kosa ni vitu viwili. Kwa amri, mtu huiagiza mashine. Kwa ujumbe wa kosa, mashine humweleza mtu alipokosea. Tofauti hii ndiyo msingi wa gettext, zana iliyotolewa na mradi wa GNU mwaka 1995. Zana hiyo huweka ujumbe mbali na programu yenyewe, hata mfasiri akaweza kuutafsiri bila kugusa amri.

Wapinzani wa tafsiri wana hoja nzito: aliyepata ujumbe kwa lugha yake hushindwa kutafuta msaada, maana maelezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Lakini dawa yake ni kongwe. Oracle huambatanisha kila kosa na namba: ORA-00942 ni kosa lilelile kwa msomaji wa lugha yoyote.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi kubwa ilifanywa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Programu hiyo ilikuwa ya kazi za ofisini, lakini mfasiri wa ujumbe wa makosa hukabiliwa na kikwazo cha kisarufi ambacho Kiingereza hakina. Mwandishi wa Kiingereza hutunga sentensi moja yenye pengo, kisha hulijaza kwa jina lolote. Kwa Kiswahili husemwa: mtumiaji hakupatikana, kitufe hakikupatikana, programu haikupatikana. Kiambishi hufuata ngeli ya nomino, nayo nomino haijulikani mpaka kosa litokee. Neno faili lenyewe wengine huliweka katika ngeli ya LI-YA, wengine katika ngeli ya I-ZI. Zana ya gettext hushughulikia umoja na wingi, ngeli haizishughulikii.

Ufumbuzi umo ndani ya lugha. "Hakuna" hutangulia nomino ya ngeli yoyote: hakuna mtumiaji, hakuna kitufe, hakuna faili. Vivyo hivyo, "imeshindikana kufungua" hukubali jina lolote baada yake. Anayefasiri neno kwa neno hatayafikia maumbo haya. Huhitajika mjuzi wa sarufi aketi pamoja na mjuzi wa kompyuta.

Nchini Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali aghalabu hufundishwa kwa Kiswahili, kisha hufundishwa kwa Kiingereza sekondari. Anapojifunza kuandika programu, huhitaji kujua kosa lake kabla ya kulisahihisha. Asiyeelewa ujumbe huelekea kudhani kwamba hana akili, ilhali alichokosa ni msamiati. Kwa hiyo yafaa amri zibaki kama zilivyo, kila kosa lipewe namba, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili sanifu.