Mfumo endeshi: Kitu kisichoonekana kinachoamua uhai wa kompyuta

MFUMO endeshi ni programu kuu inayoamka pindi kompyuta iwashwapo. Ndio ugawao kumbukumbu, utunzao faili, uongozao kibodi na printa, na kuzipangia zamu programu nyingine zote. Bila mfumo huo, mashine ni kasha tupu.

Kompyuta za miaka ya 1940 hazikuwa nao; kila kazi ilipangwa upya kwa mkono. Mnamo 1956, wahandisi wa General Motors nchini Marekani waliunda mfumo wa mashine ya IBM 704, uliowezesha kazi moja kuanza mara nyingine ilipokwisha. Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walianzisha Unix. Ilipoandikwa upya kwa lugha ya C mnamo 1973, iliwezekana kuihamisha kutoka aina moja ya mashine hadi nyingine.

Kompyuta ndogo ya IBM ilikuja na PC DOS mwaka 1981. Mtumiaji alilazimika kukariri amri na kuzichapa. Macintosh ya 1984 na Windows ya 1985 zilieneza matumizi ya picha na kipanya. Kisha mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa Linux. Tangu 1992, leseni yake humruhusu yeyote kuinakili na kuirekebisha. Kiini hicho cha Linux ndicho kilichomo ndani ya Android, ambayo simu zake zilianza kuuzwa 2008.

Historia hii ina uzito wake katika Kaunti ya Turkana. Tangu mfumo wa eCitizen uanzishwe mwaka 2014, huduma nyingi za serikali zimehamia mtandaoni. Mkazi wa Todonyang, kwenye mpaka wa Ethiopia kando ya Ziwa Turkana, yuko zaidi ya kilomita 150 kaskazini mwa Lodwar, makao makuu ya kaunti. Kwake, kifaa kinachofanya kazi humwokolea safari ndefu na nauli.

Hata hivyo, kifaa kizima huweza kuachwa na mfumo wake. Windows XP, iliyotolewa 2001, ilikoma kupata masasisho ya usalama Aprili 2014. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo hudai kifaa maalumu cha usalama ambacho kompyuta nyingi kuukuu hazina. Simu nazo zina ukomo: Android ikizeeka, baadhi ya programu hukataa kufunguka.

Njia mojawapo ni kuweka Linux, kwa mfano Ubuntu iliyoanza 2004, ambayo ni ya bure na ina matoleo mepesi kwa mashine za zamani. Lakini si programu zote za Windows zinazofanya kazi humo, na lazima awepo fundi anayeielewa.

Kwa hivyo, shule ya Lodwar au Kakuma inayopokea msaada wa kompyuta za mitumba haina budi kuuliza mapema: zina mfumo gani, masasisho yake yatakoma lini, na nani atazihudumia wafadhili wakishaondoka?