Nani Alijenga Thimlich?

Katika kitabu changu cha historia shuleni, mawe yalikuwa ya pwani. Gedi, Lamu, Fort Jesus: picha zote zilitoka huko. Sisi watu wa ziwa tulipewa mishale kwenye ramani. Wajaluo wametoka Bahr el Ghazal, mshale. Wamepita Uganda, mshale. Wamefika Nyanza, basi, sura imeisha. Nilikua nikiamini kwamba kwetu hakuna jengo la kale kuliko nyumba ya dana, nyanya yangu.

Desemba iliyopita nilikuwa Homa Bay kwa kikao cha familia. Mama alitangulia, baba akafuata, na boma lao limebaki na nyumba iliyofungwa kwa kufuli. Baba wadogo wawili walisema liachwe liwe gunda. Ndivyo tunavyoita boma lililohamwa, maana kwa desturi yetu mwanamume akikomaa hutoka kwa babake akaanzishe dala yake mwenyewe. Baba mdogo wa tatu alitaka nyumba ikarabatiwe. Mimi ni binti, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuleta chai. Siku ya pili nikachoka kuwasikiliza, nikaamua kwenda kuona Thimlich Ohinga.

Nilipanda matatu hadi Rodi Kopany, nikaendelea mpaka Ndhiwa, kisha boda ikaniingiza kaunti ya Migori kwa barabara ya vumbi. Wanakijiji wakisema Thimlich wanamaanisha msitu mnene wa kutisha. Ohinga ni boma kubwa lililozungushiwa ukuta.

Na ukuta wenyewe, jamani! Mahali pengine ni mita moja na nusu, kwingine unafika zaidi ya mita nne kwenda juu, na unene wake ni kati ya mita moja na tatu. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikanisha. Hata mawe hayakuchongwa. Yalipangwa safu ya nje na safu ya ndani, katikati yakajazwa mawe madogo, kila jiwe likiegemea jingine. Ukuta haukunyooka, unapinda hapa na pale, na mpindo huo ndio unaousaidia usimame. Mlango ni mfupi kiasi kwamba nililazimika kuinama kuingia. Mzee aliyenitembeza akacheka: "Nyathina, hata adui aliingia hivyo hivyo, kichwa mbele." Ndani kuna zizi la ng'ombe, mabonde madogo yanayoonyesha nyumba zilisimama wapi, na mahali pa wahunzi wa chuma. Kwenye mwamba kuna mashimo ya ajua, ile bao yetu. Watu walikaa hapa, wakachoka, wakacheza.

Boma kuu linaitwa Kochieng. Jirani zake ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Wataalamu wanasema huenda yalijengwa karne ya 16, enzi zile zile Wareno walipokuwa wakijenga Fort Jesus kule Mombasa. Na si haya manne tu. Wanaakiolojia, Isaya Onjala akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba kusini mwa Nyanza kuna majengo ya namna hii zaidi ya 500. Serikali iliitangaza Thimlich kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981. Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, ya saba kutoka Kenya.

Nikamuuliza mzee swali nililobeba tangu Nairobi: "Ni sisi tuliojenga?"

Hakulijibu moja kwa moja. Alinieleza kwamba waliojenga mwanzo walihama, wengine wakaja wakakuta kuta, wakaziba palipobomoka, wakakaa. Nao wakahama, wakaja wengine. Watafiti wanasema hivyo pia: huenda waanzilishi walikuwa Wabantu waliotangulia, na Wajaluo wakafuata. Kazi ya kukarabati iliendelea karne hadi karne, mpaka watu wa mwisho walipoondoka katikati ya karne ya 20. Siku hizi boma linazungushiwa minyaa, si mawe.

Hapo nikakumbuka Great Zimbabwe. Wakoloni walisema Mwafrika hawezi kujenga vile, lazima ni wageni kutoka mbali. Tuliukataa uongo huo, na haki yetu. Lakini sasa tunauliza swali lilo hilo kwa njia ya kikabila: ni wetu au ni wao? Kwani lazima pawe na mwenyewe mmoja? Kama kila aliyefika angesema "huu si ukuta wa babu yangu" akauacha uanguke, leo kungekuwa na rundo la mawe msituni. Thimlich imesimama kwa sababu watu walitunza kazi ya wasiowajua. Mimi nilikuwa na nyumba iliyojengwa na mtu ninayemjua hadi kikohozi chake, na tulikuwa tunajadili tuiache.

Sijasema desturi ya gunda ni mbaya. Watu wa Thimlich nao walihama, wote, mwishowe. Ila kabla ya kuhama walirudisha mawe yaliyoanguka.

Nilirudi Homa Bay jioni, nikaleta chai kama kawaida, kisha nikakaa. Nikawaeleza habari za ukuta, mpaka mmoja akaniambia hayo ni mambo ya Migori. Baba mdogo wa tatu hakucheka. Aliniuliza, "Mabati yaliyooza pale juu ni mangapi?"

Sikujua. Nikawasha tochi ya simu, nikatoka kuhesabu.