Vidonge vya Maumivu: Vilikotoka na Jinsi ya Kumlinda Mzee

Leo nazungumza nawe mama, na wewe unayemtunza mzazi au mkwe mzee nyumbani, kuhusu vidonge vya maumivu tunavyonunua dukani bila kuandikiwa na daktari. Nitakusimulia vilikotoka, kwa maana ukiijua historia yake utaelewa kwa nini mzee hafai kuvimeza kila siku kama njugu.

Mwaka wa 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliwaandikia wataalamu wa sayansi mjini London. Alikuwa amekausha magome ya mti uitwao willow, unaomea penye maji maji, akayasaga na kuwapa unga wake watu wapatao 50 waliokuwa na homa. Wengi wao walipata nafuu. Jambo hili si geni kwetu. Nyanya zetu nao walichemsha mwarobaini, wakijua kwamba kichungu huponya.

Mwaka wa 1897, katika maabara ya kampuni ya Bayer huko Ujerumani, dawa ya jamii hiyo ilitengenezwa ikiwa safi, na mwaka wa 1899 ikapewa jina aspirini. Kufikia mwaka wa 1915 iliuzwa kama vidonge bila cheti cha daktari. Watu waliipenda sana. Lakini mwaka wa 1938 madaktari wawili wa London walichungulia matumbo ya wagonjwa kwa mrija maalumu, wakaona kwamba aspirini ilikuwa ikichubua ukuta wa tumbo.

Kwa nini dawa inayotuliza maumivu iumize tumbo? Jibu lilipatikana mwaka wa 1971. Mwanasayansi John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali fulani. Kemikali hizo ndizo huleta maumivu na uvimbe, lakini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kupita vizuri kwenye figo. Ukizizuia, goti linatulia, ila tumbo na figo zinabaki bila mlinzi. Kazi hiyo ilimpa Vane tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Ibuprofen, iliyogunduliwa Uingereza mwaka wa 1961, pamoja na diklofenaki, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Kulikuwa pia na dawa iliyoitwa fenasetini, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1887. Wafanyakazi wengi wa viwanda huko Uswisi waliizoea, wakainywa kila siku kwa miaka mingi ili kichwa kitulie wafanye kazi. Mwaka wa 1953 madaktari wa huko waliandika kuhusu figo zilizoharibika kwa watu wa namna hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Kidonge kimoja hakikuwadhuru, bali kile cha leo, cha kesho na cha miaka kumi. Marekani iliiondoa sokoni mwaka wa 1983. Nafasi yake ilichukuliwa na parasetamoli, ambayo haichubui tumbo kama aspirini. Hata hivyo, ikizidi kipimo huharibu ini.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kenya, duka la kijijini limekuwa mahali pa kwanza pa kutafutia tiba kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990, huko Kilifi, wenye maduka walifundishwa jinsi ya kuuza dawa za homa kwa watoto. Kabla ya mafunzo, watoto wachache sana waliotibiwa kwa klorokwini ya dukani walipata kipimo kinachotosha. Baada ya mafunzo, zaidi ya nusu walikipata. Dawa na maduka yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni maarifa. Mama, maarifa hayo tunayahitaji leo kwa wazee wetu pia.

Mwili wa mzee si kama wako. Figo na ini zimechoka, kwa hiyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Wengi wao pia wanameza dawa za presha, sukari au moyo. Ibuprofen na diklofenaki hupandisha presha, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha zinaweza kuziumiza figo kwa siku chache tu. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi humfanya mzee apepesuke, naye akianguka usiku anaweza kuvunjika nyonga.

Basi fanya hivi. Kwanza, weka dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, hata zile za kioski na za miti shamba, na uubebe kila mnapokwenda kliniki. Pili, soma kilicho ndani ya kidonge, wala usiangalie jina la pakiti pekee. Vingine vimechanganywa aspirini, parasetamoli na kafeini, hivyo pakiti mbili tofauti zaweza kuwa dawa moja iliyomezwa mara mbili. Tatu, parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24, na mzee mwembamba au mwenye ugonjwa wa ini apewe pungufu kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Nne, kama daktari amempa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, usimwachishe bila kumwuliza daktari.

Ukiona choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu, miguu kuvimba au mkojo kupungua, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Mzee akilalamika goti kila siku, usimtume mtoto dukani tena na tena. Mpeleke akapimwe ijulikane kinachomuuma. Zungumza naye kwa heshima. Mwambie, "Mama, naomba tuangalie dawa zako pamoja." Wazee wengi huficha vidonge kwa kuogopa kukemewa, na kile kilichofichwa ndicho daktari asichoweza kukuokoa nacho.