Ngome ya magongo Tanzania: Mabao 58 ya Moscow yalitoka wapi?

TIMU ya taifa ya Tanzania ya mpira wa magongo imewahi kushiriki Michezo ya Olimpiki mara moja tu, mjini Moscow mwaka 1980. Ilicheza michezo sita na kupoteza yote. India iliifunga mabao 18-0, Hispania 12-0, Muungano wa Kisovieti 11-2, Poland 9-1 na Cuba 4-0. Katika mchezo wa kuwania nafasi ya tano ilikutana tena na Cuba na kulala kwa mabao 4-1. Kwa jumla nyavu za Tanzania zilitikiswa mara 58, nayo ikaambulia mabao manne.

Watanzania wengi wanaikumbuka Moscow kwa medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui katika riadha. Magongo hutajwa kwa nadra, na yakitajwa, hutajwa kama kichekesho. Hata hivyo, matokeo hayo yanastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake yamo majibu ya swali ambalo wapenzi wa mchezo huu wameendelea kujiuliza: kwa nini ni rahisi zaidi kumpata Mtanzania ajuaye kufunga bao kwa gongo kuliko kuipata timu ijuayo kuzuia?

Kwanza, ni vyema kueleza jinsi timu ilivyofika huko. Baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka 1979, nchi nyingi ziliisusia michezo ya Moscow. Miongoni mwake zilikuwamo zile zilizotawala mpira wa magongo wakati huo, kama Pakistan, Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Australia na New Zealand. Kenya nayo, iliyokuwa kinara wa mchezo huu Afrika Mashariki, ilibaki nyumbani. Nafasi zilizoachwa wazi zilihitaji watu wa kuzijaza. Tanzania, ambayo haikususia, ikajikuta kwenye kundi moja na India, nchi iliyokuwa imekwisha kutwaa medali saba za dhahabu katika mchezo huo. Hayo yalitokea mwaka mmoja tu baada ya kumalizika kwa vita vya Kagera, wakati fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini na maandalizi ya timu yoyote yalikuwa shida.

Wachezaji wenyewe hawakuwa wageni wa gongo. Orodha ya kikosi ina majina kama Gracias, Mendes, D'Silva, Furtado na Virdee kando ya Rajabu, Toto na Sykes. Orodha hiyo peke yake inasimulia historia ya mchezo huu katika pwani yetu. Magongo yaliletwa na Waingereza, yakakuzwa na vilabu vya Waasia, hasa Wagoa na Makalasinga, na baadaye yakapata makao katika majeshi na baadhi ya shule. Familia nyingi za Kiasia zilihama nchini kati ya miaka ya 1960 na 1970, na zilipoondoka ziliondoka na ligi za mwisho wa wiki zilizokuwa zikiwakutanisha wachezaji wale wale mwaka baada ya mwaka.

Sababu ya pili, na ndiyo inayotajwa mara nyingi, ni uwanja. Kuanzia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, magongo ya Olimpiki yalihamia kwenye nyasi bandia. Mabadiliko hayo hayakuwaumiza wanyonge peke yao. India yenyewe, iliyozoea nyasi za kawaida, ilimaliza ya saba mjini Montreal, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kurejea bila medali tangu ilipoanza kushiriki mwaka 1928.

Ili kuelewa kwa nini beki huumia zaidi kuliko mshambuliaji, inafaa kutazama kinachotokea mpira unapotembea. Kwenye nyasi za kawaida au ardhi yenye mchanga, mpira hurukaruka. Mshambuliaji hulazimika kuutuliza kwanza, kisha auweke sawa, ndipo apige. Hatua hizo humpa beki sekunde moja au mbili za kurudi mahali pake, kumtazama mwenzake na kuingiza gongo. Beki aliyekulia hapo hujifunza kuitegemea nafasi hiyo bila hata kujua kwamba anaitegemea. Kwenye nyasi bandia nafasi hiyo hutoweka. Mpira huteleza moja kwa moja, pasi ya mita 30 hufika ikiwa tulivu, na mshambuliaji anaweza kuupokea na kupiga kwa mwendo mmoja. Beki anayekimbilia mpira hukuta umekwisha kuondoka. Akijaribu kuuchomoa kwa kuchoma gongo mbele, kama alivyozoea, anapitwa kirahisi, kwa kuwa mwenye mpira hahofii kwamba utaruka na kumponyoka.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa soka hulikosa. Gongo lina upande mmoja tu bapa, na sheria haziruhusu gongo la mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila mchezaji duniani ana upande wenye nguvu na upande dhaifu, na pande hizo zinafanana kwa wote. Beki mzuri hamkimbilii mshambuliaji. Humsukuma polepole kuelekea upande wa kushoto wa mshambuliaji huyo, ambao kwa beki anayemkabili ni upande wa kulia, penye gongo lake lenye nguvu. Lakini ujanja huo hauna maana iwapo beki wa pili hayupo mahali ambapo mpira utasukumwa. Ulinzi wa magongo ni kazi ya watu wanne au watano wanaosogea kwa pamoja, na mmoja akichelewa hatua mbili, kazi ya wengine wote imeharibika.

Hapo ndipo hoja ya uwanja, japo ni ya kweli, inapoanza kuonekana haitoshi. Katika Olimpiki hiyo hiyo ya Moscow, timu ya wanawake ya Zimbabwe iliitwa dakika za mwisho kuziba pengo la waliosusa. Nayo haikuwa imezoea nyasi bandia. Ilicheza michezo mitano, ikaruhusu mabao manne tu, ikatwaa medali ya dhahabu. Ni kweli kwamba mashindano ya wanawake nayo yalikuwa yamepoteza timu kubwa. Bado pengo la mabao manne kwa michezo mitano na mabao 58 kwa michezo sita ni kubwa mno kuelezwa na zulia la plastiki peke yake.

Tofauti ilikuwa mazoea ya mashindano. Wanawake wale wa Zimbabwe walitoka katika vilabu vilivyokutana mara kwa mara na kwa ushindani mkali. Wanaume wa Tanzania walitoka katika mchezo uliokuwa ukipoteza vilabu. Mchezaji mmoja anaweza kujifunza kupiga chenga akiwa peke yake nyuma ya nyumba. Hawezi kujifunza peke yake namna ya kumwachia mwenzake nafasi, wala namna ya kupiga kelele ya onyo kwa wakati. Hayo hutokana na michezo mingi dhidi ya wapinzani wanaoadhibu makosa. Timu ikishinda nyumbani kwa sababu wapinzani hawajui kufunga, ngome yake haitajua ina matundu mpaka ifike ugenini.

Matokeo ya Cuba yanaunga mkono hoja hiyo. Cuba nayo ilikuwa timu dhaifu, ambayo India iliichapa 13-0. Dhidi yake Tanzania iliruhusu mabao manne katika kila mchezo, idadi ambayo haiaibishi kupita kiasi. Mabeki walewale waliofunguliwa mara 18 na India waliweza kusimama pale kasi ilipopungua. Walijua kuzuia, ila si kwa kasi ile. Na kwa ajili ya haki, ikumbukwe kwamba Marekani ilifungwa na India 24-1 katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, na bado ikaondoka na medali ya shaba, maana timu zilikuwa tatu tu.

Eneo ambalo mabao mengi ya magongo huzaliwa ni kona ya adhabu, inayoitwa pia kona fupi. Hutolewa pale mlinzi anapofanya kosa ndani ya duara la kufungia, lenye umbali wa mita 14.63 kutoka golini. Mara nyingi kosa lenyewe ni dogo tu: mpira kugusa mguu wa beki. Walinzi wasiozidi watano, akiwamo mlinda mlango, husimama nyuma ya mstari wa goli, na wengine wote hurudishwa katikati ya uwanja. Mpira husukumwa kutoka alama iliyo mita 10 kutoka kwenye mwimo, hutulizwa nje ya duara, kisha hupigwa. Pigo la kwanza la nguvu halitakiwi kuvuka mstari wa goli likiwa juu ya sentimeta 46, urefu wa ubao wa nyuma ya goli, lakini mpira unaoburutwa na kurushwa kwa gongo unaruhusiwa kwenda juu zaidi. Ustadi huo wa kuburuta na kurusha ulienea miaka mingi baada ya Moscow, nao umeifanya kazi ya walinzi kuwa ngumu zaidi.

Kuizuia kona hiyo ni sayansi ndogo. Mmoja hukimbia moja kwa moja kumkabili mpigaji, akikubali kwamba mpira unaweza kumgonga. Wa pili humfuata kwa pembeni, wengine hulinda miimo, na mlinda mlango huchagua kusimama au kulala. Kila mmoja lazima aijue njia yake kabla mpira haujasukumwa. Timu isiyo na mpigaji hodari katika mazoezi yake haina wa kumfundisha mkimbiaji wake woga halisi unafananaje. Vivyo hivyo mlinda mlango: vifaa vyake vya miguu, mikono, kifua na kofia ni ghali na huagizwa nje, na pale vinapokuwa seti moja kwa timu nzima, mlinda mlango wa akiba hapati mazoezi ya kutosha.

Tangu wakati ule sheria nazo zimembana beki. Sheria ya kuotea, iliyowaruhusu mabeki wa mwaka 1980 kupanda na kuwaacha washambuliaji nyuma yao, ilijaribiwa kuondolewa mwaka 1996 na kufutwa rasmi mwaka 1998. Mshambuliaji sasa anaweza kumkalia mlinda mlango pembeni dakika zote. Beki anayekumbuka mafunzo ya zamani huachwa akiinua mkono kumwomba mwamuzi kitu ambacho hakipo tena kitabuni.

Kenya inatoa kipimo cha karibu. Timu yake ilimaliza ya sita Tokyo mwaka 1964 na ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971 mjini Barcelona. Nahodha wake wa miaka ile, Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne mfululizo kuanzia mwaka 1960, alikuwa beki. Si bahati mbaya. Nairobi wakati huo ilikuwa na ligi ambayo beki alikutana na washambuliaji wa kiwango cha Olimpiki kila mwisho wa wiki. Ligi hiyo ilipopungua nguvu, Kenya nayo ilipotea katika Olimpiki baada ya Seoul mwaka 1988, ingawa Nairobi ilipata uwanja wa nyasi bandia wa City Park.

Kwa Dar es Salaam, ambako anayetoka Wazo au Tegeta kwenda mjini hupita kambi ya Lugalo, moja ya mahali ambapo gongo limeendelea kushikwa, njia ya mkato inayozungumzwa ni magongo ya wachezaji watano. Huchezwa katika uwanja mdogo, na Kombe lake la kwanza la Dunia lilifanyika Muscat, Oman, Januari 2024, Kenya ikiwamo. Ni mchezo wa gharama nafuu unaowapa vijana mguso mwingi wa mpira na kuwazoesha kasi. Kwa upande wa ulinzi, hata hivyo, hauna kona ya adhabu, na beki anayekulia humo atakutana nayo kwa mara ya kwanza siku atakapoitwa kwenye kikosi cha wachezaji 11.