Jua Katika Ramani ya Mji
Mwaka 432 K.K. watu wa pwani walihamia Olynthus, kaskazini mwa Uyunani, na mtaa mpya ukapimwa kilimani. Kila kitalu kilikuwa na nyumba kumi. Ua uliwekwa kusini, na vyumba vikuu kaskazini yake, nyuma ya baraza. Siku za baridi, jua lililoinama lilipenya barazani hadi vyumbani. Siku za joto, lilipopanda juu, paa lilitia kivuli.

Mwaka 348 K.K. Mfalme Philip wa Pili wa Makedonia aliubomoa mji huo, lakini misingi yake ingali yashuhudia kuwa jua liligawanywa kabla ya kuta kujengwa. Mwenye nyumba aweza kuongeza dirisha. Kuigeuza barabara hawezi. Basi mpima viwanja ndiye mgawaji wa jua, na kwetu, liwakapo utosini, ndiye mgawaji wa kivuli.