Kutoka Chenga hadi Kuganda: Historia ya Kutibu Deki za Nyumbani

Deki ya video ilianza kuingia majumbani katika miaka ya 1970. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, JVC ikafuata na VHS mwaka 1976, na hatimaye VHS ndiyo iliyoshika soko. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo nyumba nyingi za Bara zilizomiliki runinga zilikuwa zimeinunua kwa ajili ya deki. Picha ilipogoma, hakukuwa na kituo cha kulinganishia: mgonjwa angeweza kuwa runinga, deki au kanda. Njia rahisi ilikuwa kuazima kanda ya jirani. Ikicheza vizuri, ubovu uko kwenye kanda ya kwanza. Ikigoma nayo, anaitwa fundi.

Ugonjwa mkubwa wa VHS ulikuwa chenga. Ndani ya deki huzunguka ngoma ya alumini yenye kipenyo cha milimita 62, mara 25 kwa sekunde, na vichwa vidogo vilivyo pembeni mwake husoma kanda yenye upana wa milimita 12.7. Ungaunga wa kanda ukiziba vichwa hivyo, picha humezwa na chenga huku sauti ikiendelea, maana sauti ya kawaida husomwa na kichwa kingine. Fundi alifungua mfuniko, akalowesha kitambaa laini kwa spiriti, akakituliza kwenye ngoma huku akiizungusha taratibu kwa kidole. Kusugua juu na chini kulikuwa mwiko, kwa sababu vichwa huvunjika. Deki iliyokula kanda mara nyingi ilikuwa na mpira uliochakaa. Sehemu iliyokunjamana ilikatwa na ncha zikaungwa kwa selotepu, ambayo gundi yake iliweza kuchafua vichwa upya.

Kanda zilizotumwa na ndugu kutoka Marekani zilileta tatizo la aina nyingine. Afrika Mashariki ilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani ilitumia NTSC, yenye mistari 525 na picha karibu 30. Kanda ya NTSC katika deki ya PAL ilitoa picha inayopanda na kushuka, au isiyo na rangi. Hapakuwa na kitu kilichoharibika. Vifaa vilikuwa vizima, ila havikusikilizana, na spiriti ya fundi haikusaidia kitu.

VCD, iliyowekewa kanuni mwaka 1993, na DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, ziliondoa chenga na kuleta kuganda: picha husimama, au hukatikakatika vipande vya mraba. Santuri hizi husomwa kwa mwanga wa leza, kuanzia katikati kwenda nje, katika mstari mmoja unaozunguka. Ndiyo maana hupanguswa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokata mstari hugusa sehemu ndogo tu ya kila mzunguko, na deki huweza kukokotoa kilichopotea. Mkwaruzo unaofuata mstari huharibu sehemu ndefu mfululizo, na hapo deki hushindwa. DVD ilileta pia mipaka ya kijiografia: Kenya na Tanzania ziliwekwa ukanda wa 5, Uingereza wa 2, Marekani wa 1. Santuri safi kutoka London iliweza kukataliwa Mombasa.

Deki zenye tundu la flashi zilipoenea, ubovu ulihamia ndani ya faili. Sauti bila picha kwa kawaida humaanisha kwamba deki haijui kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya H.265, ya mwaka 2013, kwa kawaida hakiwezi kuifungua. Flashi nayo ina masharti yake: iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na ikipangwa upya kwa NTFS, deki nyingi za zamani haziioni. Kwenye kompyuta, nafuu kubwa ilitokana na VLC, mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris uliotolewa kwa leseni huria mwaka 2001. Programu hiyo hubeba kodeki zake yenyewe.

Mwaka 2009 kebo ya intaneti ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam, na kadiri video za mtandaoni zilivyoenea, kuganda kulianza kutokana pia na laini ya intaneti.

Uchunguzi wenyewe haukubadilika. Faili likigoma, hujaribiwa kwenye kifaa kingine. Likicheza huko, kifaa cha kwanza hupewa faili jingine. Vyote vikionekana vizima, hubadilishwa waya. Hubadilishwa kimoja tu kwa wakati mmoja. Ni kanuni ileile ya kanda ya jirani.