Mlango Ufunguke kwa Nje

Mwenye kitabu na afuate kwa kidole; asiye nacho na asikilize.

Leo twataka kujua habari za mlango. Mlango humzuia mwizi. Lakini ukitiwa kufuli na watoto wamelala ndani, siku ya moto huwa mtego.

Mwezi wa Machi 2001, usiku, moto uliwaka katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa. Vyuma vya kuzuia wezi viliwazuia watoto.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa kitabu cha usalama shuleni. Kilisema: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, kuwe na mlango kila mwisho wa bweni, na mwingine wa dharura katikati. Kwa nini kwa nje? Watu wakiukimbilia mlango unaofunguka kwa ndani, husukumana juu yake, nao haufunguki tena.

Lakini sheria iliyo kitabuni tu haimwokoi mtu. Mwezi wa Septemba 2024 moto wa bweni uliwaua wanafunzi 21 wa shule ya msingi huko Nyeri. Na kabla yake, Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwa moto katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, nchini Uganda.

Hapa tufikiri. Mtoto asiyeona haoni njia ya kutokea. Kiziwi hasikii kengele. Kiwete hawezi kukimbia. Wote hawa wana haki ya kusoma pamoja na wenzao. Basi wana haki ya kutoka pamoja nao. Kengele ipigwe, na kiziwi aguswe bega. Asiyeona aizoee njia kwa miguu yake mchana, kabla ya siku ya hatari. Kila mmoja awe na mwenzake wa kumshika mkono. Na mazoezi yafanywe mara kwa mara, kwa maana hofu husahaulisha, lakini miguu iliyozoea haisahau.

Sasa maswali. Mlango wa shule ya mtoto wako wafunguka upande gani? Ufunguo hukaa kwa nani usiku? Msijibu kwa kukisia. Nendeni mkatazame, kisha mwalimu wenu awaulize.

Kwaherini.